Mwaka Nilioposa Ng'ombe

Mjukuu wangu Neema alinipigia simu kutoka Dodoma, anakofanya kazi ya ofisini, akasema, "Babu, likizo hii hatuji kukaa sebuleni kuangalia tivii. Tunawachukua wewe na bibi, tunakwenda kampingi." Nikamuuliza kampingi ni ugonjwa gani. Akacheka, akanieleza kwamba watu wanakwenda porini na mahema, wanalala huko, wanapika huko, wanakaa kando ya maji kupumzisha akili. Nikamwambia hiyo sisi tulikuwa tunaiita shida. Akasema ameshapata mahali, ziwa dogo ndani ya msitu huko Meatu, mbele ya Bukundi, kimya kabisa, hata mtandao haushiki vizuri, panaitwa Kaziba. Mke wangu Limi alikuwa amekaa mlangoni anapepeta mchele, na simu yangu ina sauti kama ya mnadani, kwa hiyo kila neno alikuwa amelisikia. Akauweka ungo chini. "Mwambie tunakwenda," akasema. Mimi ndiye mwenye nyumba, lakini safari ilikuwa imeshaamuliwa.

Habari za baba yangu na babu wa babu yangu sitaziweka hapa. Anayetaka ukoo aende makaburini Kasoli akasome misalaba. Mimi naitwa Maduhu, na kwa Kisukuma maana yake ni hakuna kitu. Shule nilisoma mpaka darasa la pili, nikaona inatosha, na mwalimu naye aliona inatosha. Leo nina nyumba ya vigae hapa Bariadi, nina mashine ya kusaga, nina trekta linalowalimia hata watu wenye digrii. Sikurithi hata jembe. Watu wakiniuliza ni mwaka gani ulionitengeneza, wanangoja niseme mwaka wa trekta. Siusemi huo. Nasema mwaka wa ukame, niliokaa kambini Kaziba na ng'ombe wasio wangu, ndevu zikiwa zimeota upande mmoja tu wa uso.

Mwaka huo pamba ilikauka kabla haijanifika magotini. Visima vikabaki kunuka. Mimi nilikuwa nachunga kundi la mtu mwenye mali, kwa desturi yetu ya zamani: mwenye ng'ombe wengi anampa asiye nacho akae nao, maziwa unywe wewe, na ukiwatunza vizuri ipo siku anakukatia ndama. Siku hiyo kwangu ilikuwa haijafika. Mwenye ng'ombe akasema, "Nyanda, wapeleke Kaziba, na usirudi mpaka mvua ikurudishe." Nyanda ni kijana. Nikaenda na mwenzangu Jilala, mtu aliyenizidi umri kidogo na maneno sana. Tulipofika, nakumbuka nilisimama kwanza. Huku nyuma tulikuwa tumetoka kwenye nchi nyekundu iliyopasuka, halafu miti ikafunga, ikawa migunga na mikuyu na mizabibu ya porini imening'inia, na katikati ya miti hiyo maji. Hayakuwa mengi. Ungeweza kumwita mtu wa ng'ambo akakusikia bila kupaza sauti. Lakini yalikuwa maji safi, na mayungiyungi juu yake, na ndege mweupe amesimama kwa mguu mmoja kana kwamba ukame ni habari ya watu wengine.

Hema la Neema lina zipu, lina dirisha la wavu, lina mfuko wa kuwekea miwani. Ni zuri, sitasema uongo, nililala humo vizuri kuliko nilivyotegemea. Kibanda chetu mimi na Jilala kilikuwa cha matawi na nyasi, ukiingia unainama, ukitoka unatambaa. Kitanda kilikuwa nyasi zilizotandikwa ngozi. Pembeni tulitundika vibuyu vya maziwa, na harufu ya moshi, maziwa ya mgando na ngozi ilikuwa imeshikana kiasi kwamba mpaka leo nikiisikia mahali, hata mnadani, moyo wangu unakaa chini. Chakula kilikuwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, tunavichemsha mpaka vinalainika halafu tunamwagia maziwa. Siku ya bahati Jilala alivua kambare, yule mumi mwenye ndevu, tukamla na ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa. Neema alituletea Kaziba soseji. Limi alizigeuza geuza kwenye sahani akauliza ni nyama ya upande gani, na hakuna mjukuu aliyejua.

Sasa nieleze sheria ya pale, maana bila hiyo mtu hataelewa. Kaziba ilikuwa na mwenyewe, mama mzee sana aliyeitwa Mayu Ngolo, ambaye ukoo wake ulikuwepo pale kabla ya mtu yeyote. Alitupokea kwa kutukagua kama tunaouzwa, kisha akasema, "Majini hapa mtu haongei na mtu. Kambi ni nyingi, maji ni kidogo. Zamani mmoja alisema zamu yangu, mwingine akasema yangu, wakapigana fimbo mpaka damu ikaingia majini. Tangu hapo, ukivuka ule mkuyu, mdomo wako ni wa mifugo tu. Sema na ng'ombe wako utakavyo. Ukisema na mtu, hata kumsalimia, ng'ombe wako watakunywa mwisho mpaka mvua inyeshe." Kunywa mwisho maana yake ni kunywa tope. Ng'ombe wa watu wakifa kwa tope, utarudi Kasoli na uso gani?

Kukaa kimya siyo kazi. Kazi ni kutosalimia. Msukuma kumpita mtu bila salamu ni kama kumpita amelala barabarani. Sisi asubuhi ni mwangaluka, mchana ni mwadila, halafu unaulizwa wewe ni mwana wa nani, wa wapi, mnajuana mpaka shangazi, na baada ya hapo ndipo unaweza kuomba chumvi. Pale majini tulikuwa tunapishana kama wezi. Siku za kwanza Jilala aliziba mdomo kwa kiganja. "Nitapasuka," alikuwa akiniambia tukirudi. "Leo nimempita mzee mwenye mvi, sikumwambia mwadila. Baba angeniona angenilaani."

Mimi aliyetaka kunipasua hakuwa mzee mwenye mvi. Alikuwa msichana mrefu wa kambi ya ng'ambo, kambi ya mzee Luhende, aliyekuwa akija kunywesha ng'ombe wachache na jike jekundu lililotangulia mbele siku zote. Alikuwa hatembei haraka hata jua likiwaka vipi. Kwao kulikuwa na mabinti kadhaa, wa Luhende na wa ndugu zake, na nje ya boma lao la miiba hawakuonekana ila majini. Yaani mahali pekee nilipoweza kumwona ndipo mahali pekee nisipoweza kumwambia kitu. Kwa muda niliishia kutazama maji. Halafu akili ikanijia, na sijui ilitoka wapi maana haikuwa ya darasa la pili. Tulikuwa na dume tuliloliita Karani, kwa sababu lilitembea limeinua kichwa kama karani wa pamba. Nikalishika pembe, nikasema kwa sauti ya kutosha, "Karani, kunywa taratibu. Na mtu akikuuliza, mwambie anayekuchunga ni Maduhu, mwana wa Shija, kwao Kasoli, na hajaoa."

Mayu Ngolo alikuwa amekaa kwenye kigoda chake chini ya mkuyu, akanitazama, akatazama Karani, hakuona kosa. Yule msichana hakugeuka. Alimpangusa yule jike jekundu mgongoni, akamwambia, "Wewe mwekundu, umesikia? Kuna watu wanaongea na madume kama wamelewa. Usiwasikilize, watakukausha maziwa." Nililala siku hiyo nimefurahi. Jilala akasema, "Umetukanwa." Nikamwambia mtu asiyekutaka hapotezi matusi.

Basi ikawa hivyo kiangazi kizima. Mimi namwambia Karani, yeye anamwambia mwekundu. Nikamwambia Karani jinsi ninavyojua kulima na ng'ombe, jinsi siku moja nitakuwa na jembe langu la kukokotwa. Yeye akamwambia mwekundu kwamba kuna kijana amevaa shati ndani nje. Nikamweleza Karani mama yangu anavyopika mlenda. Yeye akamuuliza mwekundu kama huyo kijana ataoa mke au ataoa mlenda. Wachungaji wengine wakaanza kuja kunywesha saa ile ile yetu, wanajifanya kukagua kwato. Wazee walikuwa wanang'ata midomo. Nakuambia, nimeona sinema mjini Mwanza, nimeona harusi za kumbi, sijaona watu wakifurahi kama wale wachungaji waliokatazwa kucheka.

Furaha hiyo iliingia doa jioni moja. Walikuja watu wa kambi jirani kuomba chumvi, tukawakaribisha michembe, na wakawa wanazungumza wao kwa wao huku wanakula, mimi napuliza moto. Mmoja akasema, "Yule binti wa Luhende mrefu, kuna mtu wa Mwamanyili amemtaka. Ana ng'ombe wa kujaza bonde. Anangoja mvua tu, njia ziwe na majani, awaswage." Mwenzake akasema, "Basi wingu la kwanza tu, keshakwenda." Nilipuliza ule moto mpaka majivu yakaniingia machoni, na yalinisaidia. Jilala alinitazama. Walipoondoka akasema, "Nyanda, kama una jambo, lifanye jua likiwa bado linawaka."

Lakini kwetu huendi kuposa ukasema nataka yule mrefu. Kwenye boma la mabinti wengi unataja jina, la sivyo unaonekana umekuja kuchagua viazi. Na kuuliza jina kambi kwa kambi ni kujitangaza mpaka Mwamanyili. Kwa hiyo kesho yake nilimshika Karani pembe, nikasema, "Karani, muulize yule aliye mbele yako, jina lake nani?" Msichana akasimama. Kwa mara ya kwanza alinitazama mimi, siyo dume. Kisha akampiga mwekundu kofi la mgongo. "Kabula," akasema. "Haya Kabula, umeshiba, twende." Kabula! Ndilo jina la mtoto wa kike aliyezaliwa mvua ikinyesha. Nikaona ni jina lake hasa. Katika nchi iliyokauka namna ile, aitwe nani mwingine?

Mposaji haendi kujisemea, ana msemaji wake. Msemaji wangu alikuwa Jilala, na tulijipaka samli mpaka nzi wakawa wanateleza. Kibanda cha mzee Luhende kilikuwa kikubwa, mtu anasimama wima. Ndama alikuwa amefungwa kona moja, vibuyu vimepangwa kwa ukubwa ukutani, na sakafu imesiribwa vizuri kwa samadi, bado inanuka mbichi. Nyuma ya ukuta wa nyasi kulikuwa na jiko, tukasikia mwiko. Mzee alikuwa mtu mwembamba, jicho moja dogo kuliko jingine, kwa hiyo hujui kama anakukonyeza. Tukasalimiana mpaka raha. Baada ya miezi ya ububu, mwadila ile ilikuwa tamu kama asali. Jilala alitaja ukoo wake mpaka mzee akamwinulia mkono.

"Baba," Jilala akaanza, "tumeona katika boma lako kuna kitu kizuri, na mwenzangu huyu amekipenda. Tumekuja kumwomba Kabula."

Mzee akageuza kichwa kidogo kule jikoni, kisha akaturudia. "Kabula?"

"Kabula."

"Mmempendea nini?"

"Mwendo wake, baba. Ametulia. Hana papara majini."

"Kweli, hana papara," mzee akasema. "Na macho mmeyaona?"

"Makubwa, baba," nikasema mimi, na haikuwa zamu yangu.

"Anakula vizuri pia. Lakini niwe mkweli, maana mtu hafichi. Anapiga teke."

Jilala akanitazama. "Hilo tutavumilia, baba."

"Tena ana mimba."

Mwiko ukanyamaza kule jikoni. Jilala, ambaye hajawahi kukosa neno, akafungua mdomo ukabaki wazi. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Mimba ya nani, baba?"

"Ya dume la jirani. Aliruka boma." Mzee akajipangusa lile jicho dogo. "Wanangu, mimi nimezeeka. Nimeona watu wanaleta ng'ombe kuomba binti. Ninyi mmekuja mikono mitupu mnaomba ng'ombe. Mnataka kumwoa Kabula kwa mahari ya nini, binti?"

Nyuma ya ukuta kikalipuka kicheko, cha wanawake wengi, kikapasua kimya cha Kaziba mpaka ndege wakaruka. Nilikuwa nimeposa ng'ombe. Mbele ya mzee, na samli usoni. Niliinuka nitoke, na kama mlango ungekuwa mpana ningekimbia, lakini lazima uiname, na kabla sijainama akaingia yeye, msichana mrefu, ameshika kibuyu cha mtindi. Hakumtazama baba yake, hakunitazama mimi. Alikwenda kwa yule ndama wa kona, akamwambia, "Wewe ndama, waambie wageni kwamba Kabula hana neno. Lakini anayemkamua Kabula anaitwa Limi, na yeye hajaulizwa." Akaweka mtindi mbele yetu, akatoka.

Limi kwa lugha yetu ni jua. Niliomba mvua, nikapewa jua, na mwaka ule wa ukame!

Mzee Luhende alikunywa mtindi bila haraka. Kisha akazungumza kama mtu wa shughuli. "Nimekusikia kiangazi kizima ukimsimulia yule dume. Dume lile sasa linajua shangazi zako wote. Ng'ombe wa watu uliokuja nao wote wamesimama wima, sijaona mbavu. Wa Mwamanyili ana kundi, lakini wachungaji ni wa kuajiri, na binti yangu akitajiwa jina lake anashikwa na kikohozi. Fanya hivi. Ulimtaka Kabula, mchukue Kabula. Kaa naye kwa desturi. Ndama atakayemzaa na watakaomfuatia watahesabiwa mahari yako, utakuwa unaniletea. Ukimuua kwa uzembe, umejiua mwenyewe." Jilala akapiga magoti, akavuta na mimi chini. Wabeja, baba, tukasema, wabeja gete. Ndiyo asante kubwa tuliyonayo.

Mvua ilipofika, kambi zikavunjwa. Mtu wa Mwamanyili alifika kweli na kundi lake, akapewa mtindi na maneno mazuri, akarudi nalo. Mimi nilirudi Kasoli nikiswaga ng'ombe wa watu na mmoja mwekundu niliyekabidhiwa mimi, na kijiji kizima kilikuwa kimeshapata habari, wananiuliza bibi harusi anakula majani gani. Wakacheka wee. Kabula alizaa jike, jike likazaa, nikapeleka mahari kidogo kidogo mpaka ikatimia, waliozidi wakawa wangu, Limi akaja kwangu, na madume ya uzao ule ndiyo yaliyokokota jembe langu la kwanza. Kila nilicho nacho, pamoja na vigae, kimetoka kwenye tumbo la yule ng'ombe. Watu wa mjini wanaposema walianza na mtaji, mimi nasema nilianza na mchumba.

Kitu kimoja hakikuwahi kunitoka. Siku ile majini, Limi alikuwa ananijibu, au alikuwa anamwita tu ng'ombe wake? Nimemuuliza tukiwa vijana, nimemuuliza tukiwa na watoto mgongoni, nimemuuliza tukiwa na sukari na presha. Jibu lake ni, "Kanywe chai."

Tulifika Kaziba na Neema na wenzake mchana. Kijiji kinapalinda sasa, miti mingi bado ipo, maji yamepungua kidogo, na mkuyu wa Mayu Ngolo umenenepa. Vijana walitoa spika wakaanza kupiga muziki. Limi akawaita, akawaeleza sheria. Nilidhani watacheka. Wakazima. Neema akauliza, "Sasa bibi, picha tunaruhusiwa?" Akaambiwa picha haina mdomo. Jua lilipoanza kulegea, mimi na Limi tulivuka mkuyu, tukakaa kwenye viti vyao vya kukunja, karibu na maji, hatusemi kitu. Ndege mweupe alikuwepo, labda ni mjukuu wa yule. Kisha wakaja ng'ombe wa mtu kunywa, wachache, wamekonda wastani, na mbele yao jike jekundu.

Akamwambia, "Wewe mwekundu, mwambie yule mzee avae koti. Ubaridi unaingia, na usiku atakohoa hema zima lisilale."

Nikavaa koti. Halafu nikamwambia yule ng'ombe, "Sawa. Na wewe muulize huyo bibi, kwa mara ya mwisho. Siku ile alikuwa ananijibu, au alikuwa anaita ng'ombe?"

Ng'ombe akaendelea kunywa. Limi akatazama maji, nikajua ni chai tena. Kisha akasema taratibu, kwa ng'ombe, "Mwambie kwetu hatukuwa tunawapa ng'ombe majina. Yule mwekundu hakuwa na jina mpaka kijana wa Kasoli alipouliza. Mimi nikalitunga pale pale, maana ningetaja langu ningekuwa namjibu mtu, nikakimbia nyumbani nikamwambia baba, ukisikia mtu anaomba Kabula, ujue ni wangu."

Neema anasema alinipiga picha wakati huo kutoka kwenye mkuyu. Ameniletea, nimeiweka sebuleni. Mdomo wangu uko wazi kama wa Jilala, na ng'ombe ameinua kichwa ananitazama.